Matundu Matatu Hayatoshi Kupima Risasi za Kiwandani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana la watu wachache, lakini linamgusa kila anayemiliki bunduki ya shabaha kihalali katika kaunti zetu za Nakuru, Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kisumu: namna tunavyopima usahihi wa risasi za kiwandani kabla ya kuamua tutumie zipi. Desturi iliyoenea katika viwanja vyetu ni kufyatua risasi tatu kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100, kutazama matundu yamekaribiana kiasi gani, kupiga picha na kuituma kwa wenzetu kwenye WhatsApp, kisha kutangaza kwamba risasi za kampuni fulani ndizo bora na za kampuni nyingine hazifai. Kwa maoni yangu desturi hiyo haipimi chochote, inatugharimu fedha nyingi, na inawapotosha vijana wanaoingia katika mchezo huu kwa bidii na nia njema.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wanaotafuta usahihi wa hali ya juu hujaza risasi wenyewe: hununua maganda, fataki za kuwashia baruti, baruti yenyewe na vichwa, wakapima baruti kwa mizani ndogo, na wakaendelea kurekebisha vipimo hadi bunduki itulie. Sisi karibu sote hutegemea boksi lililofungwa kiwandani. Cheti cha silaha kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja pia idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, na bei ya boksi la risasi 20 za mashindano, likishasafirishwa na kulipiwa ushuru, si ya mchezo. Kwa hiyo hatuwezi kuibadilisha risasi ili ifuate bunduki. Tunachoweza kubadilisha ni uchaguzi wetu dukani. Uwindaji nchini ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo hatuna hata kisingizio cha kusema kwamba usahihi wa wastani unatosha porini. Bunduki ya shabaha ina kazi moja tu, na kazi hiyo huanza na boksi lililo mezani.

Kosa letu limo katika hesabu. Ukubwa wa kundi la matundu hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi. Kipimo hicho hutegemea matundu mawili tu, yale ya pembeni kabisa, na yaliyobaki hayana sauti. Risasi hata za bunduki nzuri hazitui mahali pamoja. Hutawanyika kwa bahati kuzunguka kitovu, nyingi zikiwa karibu nacho na chache zikiwa mbali. Ukifyatua tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba zile chache za mbali hazijajitokeza bado. Ukiongeza idadi, kundi hupanuka, na wala bunduki haijaharibika. Umeanza tu kuiona ilivyo. Kwa utawanyiko wa kawaida, kundi la risasi tano huwa kubwa kuliko la risasi tatu kwa takriban asilimia 27, na kundi la risasi kumi hulizidi la tatu kwa takriban asilimia 58. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa milimita 20 itatoa makundi ya risasi kumi yenye wastani wa milimita 32 hivi, kwa risasi zilezile, mtu yuleyule na siku ileile.

Lililo zito zaidi ni kwamba makundi ya risasi tatu hayakubaliani hata yenyewe kwa yenyewe. Bunduki hiyohiyo yenye wastani wa milimita 20 itatoa kundi la milimita 12 sasa hivi na la milimita 28 baada ya dakika chache, pasipo kitu chochote kubadilika isipokuwa bahati. Basi mtu akijaribu aina nne za risasi, tatu kwa kila aina, akapata milimita 12, 19, 23 na 28, hana haki ya kusema kwamba ya kwanza imeishinda ya mwisho. Inawezekana kabisa kwamba zote nne ziko sawa. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, kipimo ambacho matangazo ya bunduki hayachoki kukitaja, ni sawa na milimita 29 kwa umbali wa mita 100. Ahadi nyingi za kwamba bunduki hupiga chini ya dakika moja hutolewa kwa makundi ya risasi tatu, na msomaji mwangalifu sasa anaweza kujua ahadi ya namna hiyo ina uzito gani.

Nitoe mfano nilioushuhudia kwa macho. Kijana mmoja wa chama chetu, mlengaji mtulivu mwenye bunduki nzuri ya .308 Winchester (hilo ni jina la saizi ya risasi inayotumia), alileta mezani karatasi yenye matundu matatu yaliyoshikana, kingo zake zikiwa na ule weusi hafifu ambao risasi huuacha ikipenya. Sarafu ya shilingi 10 iliyafunika yote. Karatasi ya aina ya pili ilikuwa na matundu matatu yaliyopanuka hadi milimita 27, naye alikwisha kuamua kwamba boksi hilo angelitumia kwa mazoezi tu. Tulimwomba arudi kwenye mkeka na kumaliza maboksi yote mawili, kila aina kwenye alama yake ileile, bila kugusa vifundo vya kurekebishia darubini, akipumzisha mtutu kila baada ya risasi tano. Katika aina ya kwanza, tundu la nne liliangukia kulia, nje ya sarafu, na mengine yakafuata chini na kushoto. Boksi lilipokwisha, kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, ilisoma zaidi kidogo ya milimita 40. Aina ya pili, ile iliyokuwa imedharauliwa, ilimaliza boksi lake ikiwa na milimita 33. Sisemi kwamba ya pili imethibitishwa kuwa bora, kwa maana tofauti ya kiasi hicho kwa risasi 20 bado inaweza kuwa ya bahati. Lakini yale matundu matatu yaliyopigwa picha hayakuwa yamemwambia lolote, na kwa ajili yake alikuwa karibu kutumia akiba yake yote kununua aina ya kwanza.

Kipimo bora kuliko upana wa kundi ni wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi zima. Hapo kila risasi iliyolipiwa inatoa ushahidi wake. Kuna programu za simu zinazofanya hesabu hiyo kutokana na picha ya karatasi, na asiye na programu anaweza kutumia rula na kalamu. Kitovu hupatikana kwa kutafuta wastani wa matundu kwa mlalo na wastani wa matundu kwa wima, kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu. Na tundu lililoenda mbali lisifutwe. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba hiyo moja ilitoroka, wakaipima karatasi bila hiyo. Kama mlengaji alihisi kifyatulio kimevutwa vibaya na akasema hivyo kabla ya kutazama karatasi, hilo ni jambo la haki. Lakini kama alijua ni kosa baada ya kuliona tundu, basi anachagua ushahidi unaompendeza.

Sasa nigeukie swali ambalo huulizwa kila tunapokutana: je, ni risasi gani bora? Swali hilo halina jibu mpaka itajwe bunduki. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, ambayo hukamata kichwa cha risasi na kukizungusha ili kiruke bila kuyumba. Mtutu wa 1:12 humaliza mzunguko mmoja katika inchi 12, na wa 1:7 humaliza katika inchi 7. Kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji mzunguko wa kasi zaidi. Katika bunduki ya .223 Remington, kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.6 hivi, hutulia vizuri katika mtutu wa 1:12, lakini kichwa kirefu cha greni 77, karibu gramu 5, kikipitishwa katika mtutu huohuo hufika kwenye karatasi kikiwa kimelala ubavu na kuacha tundu refu badala ya la duara. Risasi hiyohiyo katika mtutu wa 1:8 inaweza kuwa bora kuliko zote zilizo dukani. Mkulima wa Trans Nzoia hamshauri mkulima wa Ahero, kule nyanda za chini za Kisumu, apande mbegu yake ya mahindi ya nyanda za juu eti kwa sababu kwake imezaa sana, na mlengaji naye asimshauri mwenzake risasi kwa kutazama bunduki yake mwenyewe.

Mbali na mzunguko, kuna umbali ambao kichwa husafiri kutoka kwenye ganda kabla ya kuigusa mifereji, nao hutofautiana kati ya bunduki na bunduki hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja; kuna mtikisiko wa mtutu wakati risasi inapita; kuna uchakavu wa mwanzo wa mifereji baada ya risasi nyingi. Haya yote hayawezi kuonekana kwenye lebo. Lebo inaweza kukueleza jambo moja la maana, ambalo ni muundo wa kichwa. Kichwa cha kawaida cha kijeshi hufunikwa kwa shaba kuanzia mbele, kikaachwa wazi nyuma ambako madini ya risasi yaliyo ndani huonekana. Kichwa cha mashindano chenye tundu dogo puani hufunikwa kuanzia nyuma, hivyo kitako chake hutoka sawasawa kila kimoja, na kitako ndicho kinachoachana na mtutu mwisho. Kasoro yake ndogo hukisukuma kichwa pembeni kinapotoka. Kwa sababu hiyo naona si busara kutumia risasi za mazoezi zenye kichwa cha kijeshi kupima bunduki ya shabaha kisha kuilaumu bunduki. Kwa .308 mtu aanze na aina mbili tatu za mashindano zenye vichwa vya greni 168 na 175, na kwa 6.5 Creedmoor aanze na za greni 140 au karibu na hapo. Zaidi ya hapo bunduki yenyewe ndiyo itakayosema.

Hata mtu akiisha kupata aina inayoifaa bunduki yake, kazi haijaisha, kwa sababu risasi za jina moja si risasi moja. Kila boksi lina namba ya bechi, ambayo huonyesha risasi hizo zilitengenezwa pamoja, kwa baruti ya pipa moja na fataki za mkupuo mmoja. Bechi ikibadilika, kasi inaweza kubadilika, na mahali risasi inapotua pakahama. Wanaolijua jambo hili kuliko wote ni walengaji wa bunduki ndogo za .22 katika mashindano ya mita 50, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kampuni za Lapua ya Finland na Eley ya Uingereza zina vituo ambako mlengaji hupeleka bunduki yake, ikafungwa kwenye kishikio imara na kujaribiwa kwa bechi nyingi za risasi za jina lilelile. Akiona bechi iliyokubaliana na mtutu wake, hununua za kumtosha msimu mzima. Ikiwa walengaji wa Olimpiki hawaliamini jina lililo kwenye boksi mpaka wapime bechi, sijui sisi tunapata wapi ujasiri wa kuliamini kwa matundu matatu. Na wenye .22 wakumbuke jambo jingine: nta au mafuta ya aina moja ya risasi hubaki ndani ya mtutu, kwa hiyo unapobadilisha aina, risasi kumi au zaidi za kwanza ni za kuuzoesha mtutu, wala zisihesabiwe.

Hapa nina lalamiko. Katika duka moja ambalo wengi wetu hununua, maboksi ya bechi tofauti huchanganywa rafuni bila kujali, na mteja anayeomba achaguliwe maboksi ya namba moja hutazamwa kama msumbufu. Nimewahi kufika nyumbani na maboksi ya jina moja yenye namba mbalimbali, baada ya kuomba kwa adabu yawe ya namba moja. Sidhani kwamba kuna nia mbaya. Muuzaji hajaelezwa kwa nini namba hiyo iko pale, na ni wajibu wetu wateja kumweleza.

Kipimo cha mita 100 kina upungufu wa pili, ambao ni kwamba hakionyeshi tofauti ya kasi. Tuchukue risasi ya saizi ya 6.5 Creedmoor inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Risasi mbili zikitofautiana kwa mita 10 kwa sekunde, kwa mita 100 zitapishana kwa takriban milimita 2, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitenga na mengine. Kwa mita 600 tofauti hiyohiyo inakaribia sentimita 8 juu na chini. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na risasi inayopendeza sana kwenye karatasi ya mita 100 lakini inayomwaibisha mbali. Kipima kasi ndicho kinachofichua hali hiyo, na siku hizi vipo vidogo vya rada vinavyowekwa pembeni ya bunduki bila kuigusa. Vile vya sumaku vinavyofungwa kwenye mdomo wa mtutu ni sahihi kwa kasi, lakini hubadilisha mtikisiko wa mtutu, kwa hiyo kasi na kundi visipimwe kwa risasi zilezile unapokitumia. Mkengeuko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi kasi za risasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, ukiwa mita 3 kwa sekunde au pungufu ni mzuri sana kwa risasi za kiwandani. Ukikaribia mita 7 au 8, risasi hizo zibaki za umbali mfupi.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi nayo isichukuliwe kama ahadi. Mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa majaribio wa inchi 24. Mwenye mtutu wa inchi 20 atapoteza, kwa .308, takriban mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa kila inchi iliyopungua. Na jedwali la mdondoko wa risasi linalochapishwa na watengenezaji kwa kawaida huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa huo, Eldoret karibu mita 2,100, na Kisumu karibu mita 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, hivyo risasi hupunguzwa mwendo kidogo zaidi kule chini kuliko huku juu, na jedwali la boksi humfanya mtu wa huku apige juu ya shabaha iliyo mbali. Wepesi huohuo wa hewa hukisaidia kichwa kutulia, na ndiyo maana risasi ndefu inayotulia kwa shida kando ya Ziwa Victoria inaweza kuonekana haina kasoro yoyote Eldoret. Walengaji wa Kisumu wanaopokea ushauri kutoka kwetu wa nyanda za juu walizingatie hilo.

Basi kipimo kifanyweje? Chagua aina tatu au nne zinazofaa mzunguko wa mtutu wako, na ununue maboksi mawili ya kila aina yenye bechi moja. Kabla ya yote hakikisha skrubu za darubini na za kitako cha bunduki zimekazwa inavyotakiwa, kwa sababu nimeona risasi nzuri zikilaumiwa kwa ajili ya skrubu iliyolegea. Piga asubuhi. Nakuru upepo huanza kusumbua mchana, na Kisumu upepo wa ziwa huingia jua likipanda. Mazigazi nayo hulifanya duara lichezecheze ndani ya darubini. Laza bunduki kwenye miguu yake ya mbele na mfuko wa mchanga nyuma, kwa namna ileile kila mara. Kila aina ipewe alama yake ya kulenga, na darubini isiguswe kati ya aina na aina, kwa sababu kundi likitua pembeni ya alama si kosa. Ukubwa wake ndio tunaoutafuta. Unapobadilisha aina, piga kwanza mbili tatu pembeni ili mtutu uzoee, kisha tano za kuhesabiwa, kisha hamia aina inayofuata, na uzunguke hivyo mpaka kila aina ipate angalau 20. Mzunguko huo una maana kubwa: ukimaliza aina moja yote saa mbili asubuhi na nyingine yote saa sita mchana, umepima upepo, joto na uchovu wako mwenyewe, si risasi. Usiache risasi ikae ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamoingia risasi) yenye joto huku ukitafuta pumzi, maana baruti iliyopashwa huongeza kasi.

Nina pendekezo moja ambalo sijaona likifanywa mahali pengi hapa kwetu, nalo ni kwamba mlengaji asijue anapiga risasi ya aina gani. Mwenzake aliye kando amkabidhi tano tano kutoka maboksi yaliyofichwa, aandike mpangilio kwenye daftari lake, na majina yafunuliwe baada ya karatasi zote kupimwa. Mtu aliyelipia boksi ghali hulivutia kifyatulio kwa upole zaidi bila kukusudia. Sisemi hivyo kwa kumlaumu yeyote. Ni tabia ya mwanadamu, na dawa yake haigharimu hata shilingi.

Aina mbili zitakazoonekana bora zipelekwe mbali, mita 300 au zaidi kama uwanja unaruhusu, na hapo utawanyiko wa juu na chini utazamwe peke yake. Kisha, na mapema kabla duka halijamaliza bechi hiyo, nunua za kutosha kadiri cheti chako kinavyoruhusu.

Najua nitaambiwa kwamba huo ni utajiri ambao wengi hawana. Nalikubali lalamiko hilo kwa nusu. Ni kweli kwamba kumaliza maboksi mawili ya kila aina ni gharama kubwa kwa mtu mmoja. Lakini hesabu gharama ya desturi ya sasa: mtu anachagua kwa matundu matatu, ananunua maboksi mengi ya risasi isiyofaa bunduki yake, anahangaika msimu mzima akibadilisha darubini na kitako, na mwishowe anaiuza bunduki kwa hasara akidhani ndiyo mbovu. Isitoshe, risasi za kipimo hazipotei, kwa sababu kila moja ni zoezi la kulenga iwapo inapigwa kwa uangalifu. Asiyemudu aina nne na ajaribu mbili, lakini kwa ukamilifu. Huko Bisley, Uingereza, ambako mashindano makubwa ya bunduki yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1890, kwa miaka mingi walengaji wa bunduki za shabaha wamekuwa wakigawiwa risasi za aina moja ili wapimwe wao na si mifuko yao, nao hutafuta mtutu na chemba vinavyozifaa risasi hizo. Wao huifuata risasi kwa mtutu, na sisi tuna mtutu tayari tunaoutafutia risasi, ila katika njia zote mbili hakuna anayekwepa kupima.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Vyama vya walengaji wa Nakuru, Eldoret na Kisumu viweke karatasi za pamoja, ambamo kila mwanachama ataandika aina ya bunduki, urefu na mzunguko wa mtutu, jina la risasi na namba ya bechi, idadi ya risasi zilizopigwa, wastani wa umbali kutoka kitovu, kasi na mkengeuko wake, pamoja na mahali na joto la siku hiyo. Na matokeo yoyote yenye risasi chini ya kumi yasiingizwe. Wenye bunduki za aina moja wanaweza kuchangia gharama, kila mmoja akapima aina moja kwa ukamilifu, kisha wakabadilishana matokeo wakijua kwamba hayo ni mwongozo wa pa kuanzia. Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha nayo, inapoweka idadi ya risasi katika cheti cha mlengaji wa mashindano, ifikirie kwamba kipimo cha kweli chini ya usimamizi wa uwanja ulioidhinishwa hutumia risasi nyingi kuliko anazohitaji mwenye bastola ya kujilinda. Wauzaji nao wapange maboksi rafuni kwa namba za bechi na waiandike namba hiyo kwenye risiti, ili mteja anayerudi baada ya wiki mbili aweze kuitaja na kupewa risasi zilezile alizozipima.

Ni mimi,
Mlenga shabaha,
Njoro, Kaunti ya Nakuru.